Siku Tuliyohesabu Mabirika

Jumatano, jioni. Vumbi limetulia na jua limeanza kulegea. Hibo, mwanangu, amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika leso yangu kama mtu anayeogopa nitatoroka. Moyo wangu leo ni mwepesi. Jumatano iliyopita, saa kama hii, ulikuwa mzito hata chakula hakikupita.

Nitaandika yote, na ya aibu pia.

Nyumbani tunaongea Kisomali, lakini siri zangu naziandika kwa Kiswahili. Ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika kabla sijaacha shule darasa la nane. Tena mama mkwe wangu hakisomi. (Ayeyo, kama kuna mtu anakusomea hii, nisamehe. Umo humu ndani, lakini umetoka vizuri.) Ayeyo kwetu ni nyanya. Tangu Hibo azaliwe hata mimi namwita hivyo.

Kazi yangu ni kupima kisima.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Tarbaj, na maji yetu yote yanatoka kwenye kisima kimoja kirefu cha injini. Maji yakipanda juu yanagawanyika njia mbili. Bomba moja linaenda kwenye birika refu la saruji wanaponywea ngamia na mbuzi. La pili linaenda kwenye tangi la shamba la akina mama, shamba dogo lenye ua wa miiba, ambamo kila mama ana matuta yake. Ayeyo ndiye mkubwa wao.

Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, nateremsha utepe mrefu kwenye kibomba chembamba kilicho ubavuni mwa kisima. Ncha yake ikigusa maji, utepe unalia tiii. Hibo mgongoni naye anajibu tiii. Nasoma nambari, naiandika kwenye fomu, kisha napanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao ili nitume picha ya fomu kwa simu. Ndiyo hivyo tu. Lakini tangu nianze kazi hii natembea kama mtu mwenye cheo, sitadanganya.

Fomu ina nafasi tatu. Ya kwanza, maji yako chini kiasi gani. Ya pili, injini ilifanya kazi kwa saa ngapi jana. Ya tatu, ni mifugo wangapi waliokunywa.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitia matatani.

Mtu wa kwetu haulizwi ana ngamia wangapi. Ukitaja idadi ya mali unaliita jicho, na jicho likimpata mnyama halimwachi. Hata watoto ni vivyo hivyo. Mwulize mama wa hapa ana watoto wangapi, atakwambia, "Mungu amejaalia," kisha ageukie sufuria yake. Si kwamba hajui. Anawalinda.

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilimwendea Adeer Guhad pale birikani. Adeer ni ami wa mume wangu, na katika wafugaji wa hapa neno lake ndilo la mwisho. Nilisimama mbali kidogo, kichwa nimeinamisha, nikauliza alichonywesha ni kiasi gani.

"Wachache tu," akasema.

"Kama wangapi, Adeer?"

Akatoa mswaki mdomoni, akauangalia kama ndio uliomwuliza. "Andika kumi."

Nyuma yake vumbi lilikuwa limefunika miti. Walioingiza shingo birikani peke yao walishapita kumi. Lakini mimi ni mke wa nyumba hii, siwezi kumwambia mzee amekosea hesabu ya mali yake. Nikaandika kumi.

Kesho yake wakaja watu wa upande wa Bute na ngamia wao, wamekimbia ukame. Nao nikawauliza. Kumi. Kiangazi kizima, kila mtu aliyefika kwenye birika letu alikuwa na kumi.

Nilijiambia ni adabu. Lakini hapa kwenye shajara nakiri: sikuwaogopa wazee peke yao. Hata mimi naliogopa jicho. Sikutaka mkono wangu ndio uandike idadi, halafu mwezi ujao wanyama waanze kuanguka.

Basi, Jumatano iliyopita akaja Kyalo.

Kyalo ni afisa wa maji, kijana wa Kitui, ndiye aliyenifundisha kutumia utepe. Alisimamisha gari karibu na birika, akafungua kompyuta yake juu ya boneti, akatuita tuone ramani. Ilikuwa ramani ya nchi yetu hii yote iliyochorwa na setilaiti. Picha ya kwanza ilikuwa kijani kama sukuma wiki. Iliyofuata ilikuwa manjano. Ya mwisho ilikuwa nyekundu kama tofali.

Alisema hiyo si rangi ya majani. Ni maji yaliyo chini ya ardhi, yanapungua.

Nilimwuliza setilaiti inaonaje maji yaliyo chini hivyo, wakati mimi niliye juu ya kisima siyaoni. Akasema haziyaoni. Ziko mbili, zinafuatana huko juu, na ardhi yenye maji mengi ina uzito zaidi, kwa hiyo inaivuta kidogo ile ya mbele. Nafasi kati yao inabadilika. Wanachopima ni hiyo nafasi.

Mimi nilielewa mara moja. Ni kama ngamia wawili kwenye kamba moja. Wa mbele akianza kushuka bonde, kamba inakaza, na wewe uliye nyuma unajua kuna bonde hata kama ni giza.

Adeer Guhad alikuwa amesogea, mikono nyuma. "Wewe kijana, hiyo ndege yako iko juu, inaona ngamia yangu?"

"Hapana mzee, haioni ngamia. Inapima uzito wa nchi nzima kwa pamoja."

"Na ngamia yangu ndani?"

Kyalo akafikiri. "Ndiyo... nadhani nao wamo ndani."

"Basi iambie iseme mashallah kwanza, halafu ipime."

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho mpaka Jumapili.

Kwa sababu Kyalo alinigeukia, mbele ya wote, akasema, "Mama Hibo, fomu zako ni nzuri sana. Hujaruka hata siku moja."

Kisha akaeleza ofisi imeona nini. Setilaiti inapima eneo kubwa, haiwezi kujua ni kisima kipi kinatoa maji zaidi, ndiyo maana wanategemea fomu za watu kama mimi. Na fomu zangu zinasema hivi: maji yanashuka, injini inafanya kazi mchana kutwa, lakini wanyama ni wachache sana. Sasa kama wanyama ni wachache, maji yanakwenda wapi?

Akaangalia upande wa shamba. Hakutaka kuangalia, niliona.

Ofisi imependekeza bomba la shamba lifungwe mwisho wa mwezi huu, mpaka mvua inyeshe.

Ayeyo alijifunga mtandio vizuri, akarudi shambani kuendelea kupalilia.

Wewe unayesoma humjui Ayeyo, kwa hiyo ngoja nikwambie. Alikuwa na mbuzi. Ukame uliopita ukawala mpaka akabaki na mmoja, na huyo mmoja akambadilisha kwa mbegu. Vitunguu ndivyo mifugo wake sasa. Kila jioni anapita katikati ya matuta akivishika shingo kimoja kimoja, anaongea navyo kidogo kidogo. Wiki hizi ndizo vinaanza kunenepa. Bomba likifungwa sasa, vitakauka vikiwa kama gololi.

Na mimi ndiye niliyefanya hivyo. Kwa kalamu yangu, kwa adabu yangu.

Alhamisi sikusema. Ijumaa sikusema. Jumamosi nilipima maji na harufu ya dizeli ikanigeuza tumbo, nikatapika nyuma ya kibanda cha injini. Nikasema ni wasiwasi. Ayeyo alinipa chai ya tangawizi na hakuuliza. Ile chai ilinichoma kuliko maneno.

Jumapili nilimfuata shambani. Nilichuchumaa kwenye tuta lake, nikang'oa magugu naye kwa muda, halafu nikasema, "Ayeyo, kuna kitu nimeharibu."

Nikamweleza yote. Mkono wake ukasimama.

"Uliandika kumi?"

"Kumi."

"Guhad?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani, akajishika ubavu. "Guhad ana kumi! Wallahi akisikia karatasi ya serikali inasema hivyo, atalia kama mjane." Mimi nikacheka na kulia pamoja.

Kisha akafuta macho kwa nyuma ya mkono wenye udongo.

"Umefanya adabu, binti yangu," akasema. "Lakini adabu haimwagilii kitunguu."

Sina la kuongeza hapo. Nitaliandika ukutani siku nikipata nyumba yenye ukuta wa kuandikwa.

Nilimwambia siwezi kuwahesabu ngamia wa watu. Sitaweza, hata kwa ajili yake. Akasema nani amenituma kuhesabu ngamia? Akaanza kunisimulia zamani, alipokuwa msichana, kabla ya injini. Kisima kilichimbwa kwa mikono, wanaume wamesimama ndani mmoja juu ya mwenzake, ndoo ya ngozi inapanda mkono kwa mkono, wanaimba. Kila familia ilikuwa na zamu yake. "Tulijuaje zamu ya mtu imetosha?" akaniuliza. "Tulihesabu ngamia zake? Astaghfirullah. Tulihesabu ndoo."

Tuliangaliana.

Ndoo hazina jicho.

Jumatatu Ayeyo alikwenda mwenyewe kwa Adeer Guhad, mimi nikimfuata nyuma na Hibo. Mzee alikasirika kabla hatujamaliza salamu.

"Mmekuja kunihesabia mali?"

"Nani anaitaka mali yako yenye upele?" Ayeyo akamjibu. (Mali yake haina upele. Lakini kwa kuitukana alikuwa anaikinga, na mzee alijua, nikaona masharubu yanacheza.) "Tunataka kuhesabu birika. Linajaa mara ngapi kwa siku, basi."

Adeer akatafuna mswaki upande wa kulia, akauhamishia kushoto.

"Birika ni la serikali," akasema. "Halizai, halifi. Lihesabuni mpaka mchoke."

Jana ndiyo tukahesabu. Nilikaa chini ya kivuli cha kibanda tangu injini ilipowaka, na kopo tupu la maziwa ya unga. Birika likijaa, jiwe moja dogo ndani ya kopo. Ngamia wanakunywa, birika linashuka, linajazwa tena, jiwe jingine. Ayeyo naye alikuwa na kopo lake kule kwenye tangi la shamba. Birika na tangi vinakaribiana ukubwa, Kyalo alishavipima siku za nyuma, kwa hiyo jiwe langu na jiwe lake ni sawa.

Hibo alikuwa msaidizi wangu. Kazi yake ilikuwa kutoa mawe niliyoyatia. Mara mbili ilibidi nimtoe jiwe mdomoni, nikalirudisha likiwa limeoshwa.

Adhuhuri kopo langu likajaa. Nikachukua kikombe cha uji cha Hibo. Jioni hicho nacho kilikuwa kinakaribia kujaa.

Kopo la Ayeyo lilikuwa na mawe mawili.

Niliona nikashtuka. Nilijua maji mengi yanakwenda birikani, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Nikaanza kuogopa upya. Sasa tutawaambiaje wazee? Kwetu ngamia ndiyo uhai. Hibo wangu mwenyewe anakunywa maziwa ya ngamia wa Adeer kila asubuhi. Sikutaka kuokoa vitunguu kwa kuwafungia wao maji.

Leo asubuhi Kyalo amerudi, kwa sababu nilimpigia simu nikamwambia kuna jambo. Watu walikusanyika birikani, wazee upande mmoja, akina mama upande wa pili. Nilimfunga Hibo mgongoni kwa nguvu kuliko kawaida. Nilihitaji mtu wa kunishika.

"Fomu zangu si nzuri," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Namba za maji ni za kweli, na za injini. Lakini kila mahali nilipoandika kumi kwenye wanyama, sijui ni wangapi. Nilijua si kumi, na nikaandika."

Kyalo alifumba macho. Akajikuna kichwa. Nilijua kazi imeniponyoka.

"Mama Hibo, miezi yote hii? Kwa nini hukuniambia?"

Kabla sijafungua mdomo, Adeer Guhad akapiga fimbo chini. "Usimgombeze huyu msichana. Yeye ana adabu. Fomu yako ndiyo haina adabu."

Halafu Kyalo akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa, na wote tukapumua.

Nikamwaga mawe chini mbele yao. Ya birika huku, rundo. Ya shamba kule, mawili. Wazee waliinama wakatazama. Hakuna ngamia aliyetajwa hata mmoja.

Adeer Guhad aliangalia lile rundo muda mrefu. Nilidhani ataondoka.

"Basi sisi ndio tumeyanywa," akasema.

Akatazama shambani, kwa Ayeyo, ambaye alikuwa anajifanya anafunga mtandio. Mzee yule nimemwogopa tangu siku niliyoolewa. Leo akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka:

"Ngamia anaweza kungoja. Kitunguu hakiwezi."

Wazee wakaanza kupanga pale pale, kwa sauti kubwa kama kawaida yao, huyu anapinga, yule anaapa. Lakini wakamaliza. Zimerudi zamu za zamani. Kila familia itakuwa na siku yake ya kunywesha, maana ngamia aliyekunywa vizuri anakaa siku nyingi bila kuona maji, na hawa walikuwa wanaletwa kila mara kwa sababu tu injini ipo. Adeer atapeleka habari kwa watu wa upande wa Bute. Ijumaa injini italala kutwa nzima, na sisi tutachota ya nyumbani kwenye tangi. "Kisima nacho kipate Ijumaa," akasema mmoja wao, na wakaitikia.

Kyalo hakutuahidi makubwa, na nimempenda kwa hilo. Alisema ramani haitageuka kijani kwa sababu ya kisima chetu kimoja. Nchi ni kubwa, visima ni vingi, na mvua ndiyo yenye neno. Lakini utepe wangu utajua. Tukikipumzisha kisima na maji yakipanda, hata kidogo tu, mimi ndiye nitakayesikia kwanza. Ataandikia ofisi leo hii, na bomba la shamba halitaguswa wakati wanasubiri fomu mpya.

Na fomu mpya ni ile ile. Alichukua kalamu akakata "mifugo", juu yake akaandika "mabirika".

Sikufukuzwa. Aliniambia tu, "Siku nyingine swali likikushinda, liache wazi, halafu unipigie." Nimeahidi.

Jioni hii Ayeyo amepita kwenye matuta yake kama kawaida. Nimemsikia akiviambia vitunguu kwamba Guhad amewasalimia.

Sasa ile aibu ya mwisho, halafu nifunge.

Kule kutapika hakukuwa wasiwasi. Nilikuwa najua. Mwezi uliopita nilimpeleka Hibo kliniki kwa chanjo, na nesi akaniangalia usoni, akaniuliza kama nina mimba na ni ya wiki ngapi. Nikamwambia, "Si muda mrefu." Akaandika kitu kwenye karatasi yake, sijui aliandika nini. Labda na yeye aliandika kumi.

Hata baba yake Hibo, aliyeko Garissa kwenye soko la mifugo, sijamwambia. Niliogopa kutaja. Niliogopa jicho.

Lakini leo nilipokuwa nakusanya yale mawe, nimebaki na kikombe cha Hibo mkononi. Nikakaa kwenye mkeka, nikatoa jiwe moja moja nikiweka kwenye leso, jiwe moja kwa kila wiki, nikirudi nyuma mpaka siku ninayoikumbuka. Nimesema mashallah kila jiwe. Hakuna kilichoanguka. Hibo anakoroma kidogo, upepo umetulia, mawe yametosha kujaza kiganja.

Nitampigia baba yake nikipanda kichuguu. Nesi nitamwambia wiki, zote, bila kupunguza.

Kesho asubuhi injini itakuwa bado kimya. Nitateremsha utepe, utalia tiii, na Hibo atajibu. Tutakuwa watatu pale kisimani.

Nimehesabu. Mashallah.